Nguruwe wa Texas, mihogo ya Buchosa na bucha la Mwanza

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mkulima wa mihogo na viazi huku Buchosa. Nimekuwa nikiangalia video za Wamarekani na Waaustralia wanaowinda nguruwe waliotoroka mashambani wakazaliana porini. Wanasema hakuna nyama iliyo safi kwa mazingira kuliko hiyo: mnyama ni mharibifu, hakulishwa na mtu, na ukimla umeokoa msitu. Kwetu nguruwe pori wanatumalizia mihogo. Nikafikiri, kwa nini tusiunde kikundi, tuchukue kibali, tuwawinde na kufungua bucha mjini Mwanza? Je, ni jambo la kudumu au ni maneno ya video tu? Halafu kuna jirani yangu hutega, akipata huniletea paja usiku kwa bei nafuu. Nikinunua nina kosa?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na poleni na mihogo. Nguruwe pori haibi kistaarabu. Anafukua tuta zima, anang'ata mhogo mmoja nusu, mwingine robo, na unachokuta asubuhi kingi kimeachwa kioze.

Nitatoa jibu kwanza, maelezo yafuate. Nyama ya mifugo iliyotoroka ikazaliana porini ni nyama njema pale ambapo wanyama hao wamejaa kupita kiasi, na pale ambapo wote wamekubaliana kwamba kazi ni kuwapunguza, ikiwezekana waishe kabisa. Ukiigeuza kuwa biashara ya kudumu, mambo yanabadilika. Sasa unataka wawepo mwakani, na mwaka utakaofuata, na watoto wako nao wawakute. Hapo umeacha kuokoa msitu, umeanza kufuga bila banda. Tena nguruwe wanaokula mihogo yako na wale wa kwenye video hawana uhusiano wa karibu, kwa hiyo hesabu zao usizichukue kama zilivyo.

Wale wa Marekani ni kitimoto halisi, nguruwe wa kufugwa. Walifika Florida mwaka 1539 na msafara wa Mhispania Hernando de Soto, wakiwa chakula cha njiani, na waliotoroka wakazoea pori. Karne nyingi baadaye matajiri wapenda uwindaji wakaongeza nguruwe mwitu kutoka Ulaya, damu zikachanganyika. Leo wanakadiriwa kufika milioni 6 hivi katika majimbo zaidi ya 30, na Texas peke yake ina zaidi ya milioni 2. Jike hushika mimba akiwa na miezi 6 hadi 8. Anabeba siku kama 115, ile miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu ambayo kila mfugaji wa kitimoto anaijua. Anazaa watoto 4 hadi 6 au zaidi, na chakula kikiwa kingi anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Wataalamu wa kule wanakadiria kwamba ili idadi isiongezeke, inabidi kuondoa karibu asilimia 70 ya nguruwe wote kila mwaka. Hiyo ni kwa kuwazuia wasizidi tu, achilia mbali kuwapunguza.

Wa kwako ni mwenyeji. Nguruwe pori wa Afrika, yule mwenye singa ndefu mgongoni anayetembea usiku na familia yake, alikuwa kwenye vichaka vya kusini mwa Ziwa Victoria kabla mhogo haujavuka bahari kutoka Amerika. Ukitaka kujua nani mgeni shambani kwako, ni mhogo. Jike wa nguruwe huyu huanza kuzaa akikaribia miaka miwili, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, watoto 3 au 4. Linganisha na kasi ya yule wa Texas, utaona mara moja kwamba hawezi kuvumilia kuvunwa kwa namna ile. Porini ana kazi zake: anageuza udongo, anasambaza mbegu, analiwa na chui. Amekuwa kero mashambani kwa sababu chui ametoweka karibu kila mahali palipolimwa, na vichaka vilivyobaki vimezungukwa na mihogo, mahindi na viazi pande zote. Wewe ukiwa nguruwe ungefanya nini?

Utaniuliza mbona sisi hatuna nguruwe wa kufugwa waliojaa porini kama kule. Mimi naona sababu ni sisi wenyewe. Nguruwe akitoroka banda pale Igoma hafiki Kisesa akiwa hai. Na akifika, kuna fisi, kuna homa ya nguruwe, kuna mitego. Mifugo iliyohamia mtaani kwetu ni mbwa koko na paka shume, na hao sidhani kama unawafikiria kwa bucha lako.

Tuje kwenye kiini cha swali: je, kuwala kunawapunguza? Jimbo la Tennessee lilidhani hivyo. Mwaka 1999 lilifungua uwindaji wa nguruwe jimbo zima, bila kikomo cha idadi, likitegemea wawindaji wangewamaliza. Kilichofuata ni nguruwe kuonekana katika wilaya ambazo hawakuwahi kuwepo, mbali kiasi kwamba wasingeweza kufika kwa miguu yao. Wapenda uwindaji walikuwa wanawapakia kwenye matrela na kuwaachia karibu na nyumbani kwao, ili wawe na cha kuwinda mwisho wa wiki. Mwaka 2011 jimbo likafuta utaratibu huo. Missouri nayo mwaka 2016 ikapiga marufuku watu kuwinda nguruwe katika maeneo ya idara yake ya uhifadhi. Kule kazi inafanywa na maofisa wanaojenga mazizi ya mtego: wanaweka mahindi siku kadhaa, wanasubiri mpaka familia nzima izoee kuingia, ndipo lango linashuka. Mtu mwenye bunduki anapata mmoja, wawili, na waliobaki wanatawanyika na kujifunza kuogopa. Ule uwindaji unaoonekana mzuri kwenye video ndio unaosaidia kidogo kuliko njia zote.

Nisiwe mwongo lakini. Kuna mahali soko la nyama lilipunguza wanyama kweli, napo ni New Zealand. Paa wakubwa wekundu wa Ulaya waliletwa huko karne ya 19 kwa ajili ya burudani ya wawindaji, wakajaa milimani mpaka wakaanza kumaliza misitu. Serikali ililipa wawindaji kwa miongo, bila mafanikio makubwa. Miaka ya 1960 ikaja helikopta, na soko la nyama huko Ujerumani. Ndani ya miaka michache idadi ikaporomoka. Lakini angalia walichofanya wafanyabiashara walipoona porini kunakauka: walianza kuwakamata wakiwa hai, wakawaweka kwenye uzio, na New Zealand ikawa nchi ya kufuga paa. Mnyama aliyeanza kama balaa akaishia kuwa mfugo wenye bei. Nyama unayokuta leo kwenye hoteli za Ulaya yenye jina la nchi hiyo, nyingi imetoka shambani.

Australia ni hivyohivyo kwa mbuzi. Mbuzi na nguruwe waliingia na meli za kwanza za Waingereza mwaka 1788. Wengine wakatorokea nyika kavu, na kwa muda mrefu wenye kondoo waliwapiga risasi kama waharibifu wa malisho. Leo Australia ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nyama ya mbuzi duniani, na nyingi inatokana na mbuzi hao wa nyika. Mwenye shamba ambaye mwaka mbaya kondoo wake wamekufa, mbuzi wamemlipia ada za shule, huyo hataki kusikia habari za kuwamaliza. Anawajengea uzio na kuwachimbia maji. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Ila tusiseme tena kwamba anayenunua nyama ile anaokoa nyika.

Ngamia ni kinyume chake, na ni somo la usafiri. Waliletwa Australia kuanzia mwaka 1840 kubebea mizigo jangwani. Malori yalipokuja wakaachiwa, wakazaliana kwa mamia ya maelfu. Kati ya 2009 na 2013 mradi wa serikali uliua karibu 160,000. Wengi waliachwa wakaoza pale pale, kwa sababu gharama ya kuwatoa katikati ya jangwa mpaka kwenye chumba cha baridi ilizidi bei ya nyama yenyewe. Huko visiwa vya Galapagos napo, kati ya 1997 na 2006 mbuzi zaidi ya 140,000 waliondolewa kwa bunduki na helikopta ili kunusuru kobe wakubwa na mimea yao. Karibu hakuna aliyekula. Ukisoma habari hiyo ukiwa na njaa unakasirika, nakuelewa, lakini kazi ile ilifanikiwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na faida ya kubakiza hata jike mmoja.

Sisi watu wa ziwa hatuhitaji kwenda New Zealand kujifunza haya. Tuna sangara. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, upande wa Uganda na Kenya, akakaa kimya kwa muda, kisha miaka ya 1980 akafumuka. Furu, wale samaki wadogo wa kila rangi ambao wazee wetu waliwaanika juani, walikuwa sehemu kubwa kabisa ya samaki wa ziwa hili. Sangara akawala. Inakadiriwa spishi kama 200 zilitoweka, na Ghuba ya Mwanza ndiyo mahali ambapo watafiti Waholanzi na Watanzania waliliona jambo hilo likitokea mbele ya nyavu zao. Kama kuna mnyama duniani aliyestahili kuliwa mpaka aishe, ni huyo.

Tukamla. Viwanda vikajengwa Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yale mabaki ya mifupa na vichwa, yakabaki kwetu, mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki, yakapata bei ya kushangaza huko China. Na kweli, uvuvi ulipomzidi sangara kuanzia miaka ya 1990, baadhi ya furu walianza kurudi ghubani. Kwa hiyo nadharia ya video zako ilifanya kazi kwa sehemu: kumla mvamizi kuliwapa wenyeji nafasi ya kupumua. Sasa jiulize tulifanya nini tulipoona sangara anapungua. Je, tulishangilia? Tuliweka sheria kwamba chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Tukachoma makokoro, zile nyavu haramu za kukokota. Mwaka 2018 serikali iliendesha operesheni nzima dhidi ya uvuvi haramu na kuipa jina lake, Operesheni Sangara. Samaki aliyekula ziwa letu leo ana walinzi wenye boti na mafuta, na ukimwambia mtu wa mwaloni kwamba ingefaa aishe utaambiwa urudi ulikotoka. Sisemi sheria hizo ni mbaya. Maelfu ya familia zinaishi kwa samaki huyo na zina haki ya kumtaka awepo. Ninachokuambia ni kwamba nyama na kuangamiza mvamizi ni kazi mbili, na zikiwekwa kwenye bucha moja, nyama hushinda.

Sasa hesabu ya bucha lako. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Mwanza na watu 3,699,872. Tuseme kila mmoja anakula gramu 100 tu za nguruwe pori, mara moja kwa mwezi. Kiasi hicho hakijai hata sahani ndogo ya kitimoto. Zinahitajika kilo 370,000 kwa mwezi. Nguruwe pori mzima ana kilo kama 70, ukitoa kichwa, ngozi, matumbo na mifupa ubaki na nyama kilo 35 ukibahatika. Unahitaji nguruwe zaidi ya 10,500 kila mwezi. Hata ukitoa watoto wachanga, hata ukiwatoa wenzetu Waislamu na Wasabato ambao hawagusi, hata ukilenga mitaa miwili ya mjini tu, kikundi chako kitamaliza vichaka vya Buchosa kabla hamjamaliza kulipia friji. Baada ya hapo mtanunua kutoka wapi? Kwa mtu wa Geita, kisha wa Chato, kisha mtu atakayekuja na nyama bila kusema ametoka nayo wapi, na huku hifadhi za taifa za Rubondo na Burigi-Chato zipo jirani.

Tatizo hili si la Buchosa peke yake. Watafiti waliojaribu kupima uzito wa mamalia wote duniani walikuta kwamba wanyamapori wote wa nchi kavu, tembo, nyumbu, kulungu, panya, ukiwaweka pamoja ni tani kama milioni 20. Mifugo ni tani kama milioni 630. Ukitaka watu waache mifugo waende porini, pori litaisha kwa milo michache ya jioni. Nyamapori inaweza kuwa kitoweo cha mara moja moja kwa watu wachache wanaoishi karibu nayo. Mji haulishiki hivyo.

Kuna jambo ambalo video haziligusi kabisa, nami kama daktari wa mifugo ndilo linaloninyima usingizi: magonjwa. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, na makazi yake ya asili ni hapa kwetu, kwa ngiri, nguruwe pori na papasi, wale kupe laini wa kwenye mashimo. Ngiri na nguruwe pori wanabeba virusi bila kuugua. Kitimoto akivipata anakufa ndani ya siku chache, na banda zima linamfuata. Binadamu haambukizwi, ndiyo maana watu hawaogopi. Virusi hivi vinaishi kwenye nyama mbichi kwa muda mrefu, hata ikiwa kwenye friji. Vilipofika China mwaka 2018 waliangamia nguruwe kwa makumi ya mamilioni. Sasa fikiria kikundi chako kinachuna nguruwe pori chini ya mwembe, matumbo yanatupwa, maji ya kuoshea yanamwagika, na nyumba ya tatu kuna mama mjane mwenye nguruwe wanne ambao ndio akiba yake yote. Anayemletea mama yule hasara ni wewe, wala hutajua. Hakuna tiba, na chanjo ya kumpa mfugaji wa kijijini bado hatuna.

Kwa mlaji mwenyewe kuna minyoo iitwayo trikinela, inayojificha ndani ya msuli wa nguruwe pori na ngiri. Haionekani kwa macho. Kenya ilishapata wagonjwa waliokula nguruwe pori, karibu mwaka 1960. Inakufa nyama ikiiva kabisa mpaka katikati, lakini wewe na mimi tunajua namna watu wanavyokula choma saa nne usiku wakiwa na haraka: nje imeungua, ndani bado inatoa damu. Kukausha na kufukiza moshi hakutoshi. Kuna pia kimeta, ambacho ndicho sababu ninarudia kila mahali kwamba mnyama uliyemkuta amekufa haliwi, hachunwi, haguswi. Na nyama iliyopigwa risasi hubaki na vumbi la madini ya risasi kuzunguka jeraha. Kata sehemu hiyo kwa upana na uitupe, hasa kama kuna watoto mezani.

Ndiyo maana kule Texas, nguruwe wa porini anayeuzwa kwa watu lazima afikishwe machinjioni akiwa hai. Mkaguzi amwone anatembea, kisha akague nyama baada ya kuchinjwa. Aliyepigwa risasi porini mwindaji anaruhusiwa kumla na familia yake, bucha haruhusiwi. Hilo kwenye video halionyeshwi kwa sababu halina msisimko. Na usidhani ni utaratibu wa wazungu wenye pesa tu. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa ziwa letu zaidi ya mara moja, kwa sababu ya vimelea, hofu ya kipindupindu na baadaye watu wachache waliovua kwa sumu. Wachache hao waliwasimamishia kazi maelfu viwandani. Nyama ikishapata jina baya, hakuna anayeuliza ya nani.

Upande wa sheria nitakuwa mfupi, maana msemaji halisi ni afisa wanyamapori wa halmashauri yako. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma hata akiwa amesimama katikati ya mihogo yako. Kumwinda kunataka leseni, na hata ukiwa na leseni huruhusiwi sumu, mitego ya waya, wala kummulika kwa tochi usiku. Kuuza nyamapori kunawezekana: tangu 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori, zenye leseni ya biashara hiyo, ukaguzi wa nyama na kumbukumbu za kila mnyama alikotoka. Kwa hiyo wazo lako si haramu kwa asili. Ila nyama lazima itokane na uwindaji wenye leseni au mashamba na ranchi za wanyamapori, na ukishajumlisha leseni, silaha inayomilikiwa kihalali, gari, barafu na mkaguzi, kilo ya nguruwe pori itakuwa ghali kuliko kitimoto cha Kirumba. Atakayeinunua ni mtu wa hoteli anayetaka kuonja. Biashara ndogo kama hiyo inaweza kusimama, lakini mihogo yako itaendelea kuliwa wakati unasubiri wateja.

Ningekuwa wewe ningetenganisha mambo haya mawili. La mihogo ni ulinzi. Nguruwe pori anakuja usiku, kwa njia zilezile, kutoka kichaka kilekile. Mashamba yanayopakana yakilindwa kwa zamu, kwa moto, makelele na mbwa waliofungwa, hasara hupungua kuliko kila mtu akilala kwenye kibanda chake peke yake. Safisha ukanda mpana kati ya kichaka na shamba, maana hapendi kuvuka mahali peupe. Mhogo mtamu uweke karibu na nyumba, mchungu pembezoni. Hautamzuia akiwa na njaa, ila anachagua. Familia moja ya nguruwe ikishindikana kabisa, halmashauri au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) Kanda ya Ziwa wanaweza kutuma askari kuidhibiti, na hapo uamuzi wa nyama itakwenda wapi ni wao, siyo wenu. Toeni taarifa kwa maandishi kupitia serikali ya kijiji, mkitaja tarehe na ukubwa wa eneo, na muulize hapo hapo kama hasara yenu inaingia kwenye kifuta jasho. Malalamiko ya mdomo hayafiki popote.

La kitoweo lina njia rahisi zaidi kuliko kukimbizana na mnyama anayeona usiku. Sungura, kanga wa kufuga, kitimoto wa bandani mwenye sakafu na choo cha nyumba kikiwa kimefunikwa ili mnyoo tegu asipate njia, sato wa vizimba kwa walio karibu na maji. Najua hakuna anayetengeneza video ya kusisimua kuhusu banda la sungura. Lakini mabaki ya mihogo na majani ya viazi unayo, na soko la Mwanza lipo.

Imebaki paja la usiku. Ndiyo, una kosa, na ni kubwa kuliko unavyofikiri. Nyama ya mnyamapori bila kibali inahesabiwa kuwa nyara ya serikali, na kupatikana nayo kunaweza kukupeleka mahakamani kwa uhujumu uchumi. Huko thamani ya mnyama inatajwa kwa dola, na wapo waliofungwa miaka 20 kwa vipande vya nyama vilivyokutwa kwenye sufuria au mfuko. Mnunuzi na mtegaji wanasimama kizimbani pamoja. Halafu mtego wa waya hauchagui. Ukanda wote wa magharibi mwa Serengeti unanasa makumi ya maelfu ya nyumbu kwa mwaka kwa waya za namna hiyo, na huku kwetu utanasa ng'ombe wa jirani au mbwa wako siku yoyote. Usinunue tena, na kama una nguruwe bandani, usiruhusu ngozi, mifupa wala maji ya nyama hiyo yafike karibu nao.

Jirani yako usimchongee wala usimgombeze. Mwambie aje kwenye mkutano wa kijiji siku afisa wanyamapori atakapokuja, akae mbele. Yeye ndiye anayejua nguruwe wanatokea kichaka gani, saa ngapi na wanavukia wapi, na hizo zamu za ulinzi zikipangwa bila yeye mtakesha upande usio wao.